Tuuze kiwanja tumnunulie mdogo wangu bomba jipya la hewa?

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Morogoro. Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, baba alishafariki, kwa hiyo mambo mengi ya nyumbani yanaishia kwangu na kwa baba mdogo. Shida yangu ni mdogo wangu wa mwisho, naomba nimwite Sele. Ana miaka 24 na alikuwa anaendesha bodaboda.

Mwezi wa pili aligongwa na gari usiku akaumia kichwa. Akalazwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, siku 19, mpira umepitishwa mdomoni mpaka ndani, anapumulia mashine. Siku walipoutoa alimwita mama kwa sauti ya kukwaruza, na sisi tuliokuwa kwenye korido tukalia kwa furaha. Tulijua tumevuka.

Alirudi nyumbani akawa anatembea, anakula, anataniana na watoto. Kama wiki ya tano hivi akaanza kuishiwa pumzi. Akitoka bombani na ndoo moja anakaa chini. Halafu ikaja sauti: akivuta hewa unasikia kama mtu anayefyonza chai ya moto. Zahanati wakasema pumu. Tukapewa vidonge, tukapewa na pampu ya kuvuta, tukamaliza pampu tatu na sauti inazidi tu. Usiku mmoja akashindwa kabisa. Kila akivuta pumzi shimo la chini ya shingo linaingia ndani, jasho linamtiririka. Bajaji ya jirani ndiyo iliyotuokoa. Hospitali wakamtoboa shingo usiku uleule, wakamwekea mpira, na tangu siku hiyo anapumulia hapo, sauti haitoki.

Tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Wakampiga picha ya CT, wakaingiza kamera. Daktari akatuchorea kwenye karatasi: bomba la hewa limebanwa kama chupa ya maji iliyominywa, tundu lililobaki ni milimita 4, na sehemu iliyosinyaa ina urefu wa sentimita 2 hivi. Akasema ni kovu la ule mpira wa ICU.

Sasa nyumbani hatuelewani. Hospitali walitupa karatasi za utafiti, kurasa tisa. Wagonjwa wote watapanuliwa bomba kwa kifaa, ila wengine watachomwa sindano ya dawa kwenye kovu na wengine hawatachomwa, na kompyuta ndiyo itakayopanga nani aende kundi gani. Wanataka sahihi. Baba mdogo kakataa. Anasema hao wanatafuta mtu wa kujifunzia, na mtoto wa marehemu kaka yake hatakuwa panya wa majaribio. Tena anasema Sele siku hizi anaonekana mzima, basi mpira utolewe, tundu lizibe lenyewe.

Huku binamu yetu aliyeko Muscat katutumia video ya WhatsApp. Eti kuna hospitali nje wanatengeneza bomba la plastiki, wanalipaka seli za mgonjwa mwenyewe, linakuwa bomba lake la kudumu. Kashapata na wakala, anataka milioni 12 za kuanzia. Mama ana kiwanja Kihonda alichoachiwa na baba, na ameshaanza kuongea na dalali.

Mimi ndiye ninayemhudumia Sele. Kila asubuhi nautoa ule mpira mdogo wa ndani, nausafisha kwa pamba na spiriti, naurudisha. Usiku naamka kusikiliza kama anapumua. Nimechoka, mama, lakini zaidi naogopa. Nikisaini nitakuwa nimemtoa mdogo wangu kwa majaribio, nisiposaini nitakuwa nimemnyima tiba, na kiwanja kikishauzwa ndiyo basi tena. Tunarudi hospitali baada ya wiki mbili. Nifanyeje?

Dada wa Sele, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa huko kukesha.

Barua yako ina mambo makubwa, lakini lililonishtua ni dogo ulilolitaja kwa kupita: pamba na spiriti. Tuanzie hapo, kiwanja kitasubiri.

Pamba huacha nyuzi. Uzi mmoja ukibaki ndani ya ule mpira, Sele akivuta pumzi unashuka moja kwa moja kifuani, kwa sababu hewa yake haipiti tena puani ambako ingechujwa. Spiriti nayo inakausha na kuunguza utando. Leo hii badilisha. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa na brashi ndogo laini, suuza mpaka ukiuelekeza mpira kwenye mwanga uone upande wa pili, kung'uta, rudisha. Mara moja kwa siku haitoshi: fanya asubuhi, mchana na kabla ya kulala, na wakati wowote ukisikia mpira unapiga mluzi. Mpira wa nje usiuguse, huo ni kazi ya hospitali. Kamba ya shingoni iache nafasi ya kidole kimoja kupita. Chukua gozi, lilowanishe kwa maji hayohayo, likamue, lining'inie mbele ya tundu bila kuliziba. Hapo atapata unyevu ambao pua ingempa. Bila unyevu makohozi hukauka yakawa kama gundi, na gundi hiyo inaweza kumuua nyumbani mtu mwenye mpira. Waombe hospitali mpira wa akiba wa saizi yake na mwingine mdogo kidogo, vikae karibu na kitanda. Usiku akianza kuhangaika, chomoa mpira wa ndani hapohapo, halafu ndipo umpigie mwenye bajaji. Jiko la mkaa na vumbi la kufagia viwe mbali naye.

Na mpira usitolewe. Baba mdogo anamwona Sele mzima kwa sababu mpira upo: hewa inaingilia chini ya pale palipobanwa. Bomba la hewa la mwanamume mzima lina upana unaokaribia sentimita 2. Likisinyaa hadi milimita 8 hivi, mtu anaanza kuhema akifanya kazi. Likifika 5, unamsikia akiwa amekaa tu. Sele yuko kwenye 4. Mwambie baba mdogo namba hiyo kwa heshima zote, na umwambie kwamba mpira ukitoka, tundu la shingoni linaweza kusinyaa kwa muda mfupi sana, na mtarudi kwenye usiku ule wa bajaji. Kwa sababu hiyohiyo msimzibe tundu kwa kidole ili aongee, wala msinunue kile kifuniko cha kuongelea kabla daktari hajasema kinamfaa. Hewa itaingia ikose pa kutokea.

Nina neno kwa wasomaji wengine kabla sijaendelea. Mlio wa pumu kwa kawaida husikika zaidi mtu akitoa pumzi, kifuani. Mlio wa bomba lililobanwa shingoni husikika zaidi akivuta, na mara nyingi huhitaji hata kusogeza sikio. Mtu aliyewahi kupumulia mashine, kisha wiki au miezi baadaye akaanza kukosa pumzi na pampu hazimsaidii, amwambie mhudumu waziwazi: "Niliwahi kuwekwa mpira ICU." Sentensi hiyo ingemwokolea Sele zile pampu tatu.

Sasa nikueleze kilichomtokea. Kabla ya kazi hii ya kuandika nilikuwa muuguzi wa ICU kwa miaka mingi, na jambo hili nalijua kwa vidole vyangu.

Bomba la hewa, ambalo wataalamu huliita trakea, kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 11 hivi. Limeshikiliwa na pete za gegedu 18 hadi 22, kila pete ina umbo la herufi C, uwazi wake ukitazama nyuma, upande ambao chakula kinapita. Ndani kuna utando laini wenye vinyweleo ambavyo jicho haliwezi kuviona, na vinyweleo hivyo hufagia makohozi kuelekea juu usiku na mchana bila sisi kujua. Ule mpira wa mashine una kiputo karibu na ncha yake. Kinajazwa upepo ili hewa isivuje na mate yasiteremke mapafuni, na hicho kiputo ndicho kinachoukandamiza utando. Mwaka 1984 watafiti waliwachungulia kwa kamera wagonjwa 40 waliokuwa na mipira hiyo. Wakaona kwamba kiputo kikikandamiza kwa presha ya zaidi ya sentimita 30 za maji (ndicho kipimo chake), damu ya kwenye utando inaanza kupungua, na kikifika 50 inakatika. Utando uliokosa damu hufa, gegedu la chini yake hulainika, na mwili hupaziba kwa kovu. Kovu lolote husinyaa polepole, kama ulivyoona kovu la moto linavyovuta ngozi. Ndiyo maana Sele alirudi nyumbani mzima akaja kubanwa wiki ya tano.

Nje ya mdomo wa mgonjwa kunaning'inia kiputo kingine kidogo, kama zabibu, kinachoonyesha cha ndani kimejaa kiasi gani. Zamu zangu nyingi hatukuwa na kipima presha. Tulikibonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, tukisikia kimekaza vizuri tunaandika kwenye faili kwamba kiko sawa. Siku kipimo kilipoletwa wodini, nilianza na mgonjwa niliyekuwa nimembonyezea mwenyewe asubuhi ile na kuridhika. Mshale ulipita 60. Kiwango kinachotakiwa ni kati ya 20 na 30. Nilipunguza upepo taratibu, halafu nikaenda kitanda cha pili, cha tatu, mpaka wodi ikaisha, na tangu siku hiyo sikubonyeza tena kwa vidole. Wale wa miaka ya kabla sikupata nafasi ya kuwarudia.

Ninakwambia haya kwa sababu ya lile neno la baba mdogo, panya wa majaribio. Ile namba 30 ilipatikana kwa wagonjwa walioingizwa kamera, watu wakatazama, wakapima, wakaandika. Mimi nilikuwa na nia njema na vidole vyenye uzoefu, na bado nilikosea. Utafiti wa kweli upo kwa ajili ya kumsahihisha mtu kama mimi.

Turudi kwa Sele. Tiba yake haihitaji bomba jipya. Kuna tiba mbili zinazojulikana, na kila moja ina watu wake.

Ya kwanza ni kupanua, yaani hiyo iliyotajwa kwenye karatasi zenu. Daktari anapitisha kifaa mdomoni mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa, anakata kovu kidogo kwa leza au kisu, kisha anapanua kwa puto. Mgonjwa hapasuliwi shingo na anarudi nyumbani upesi. Kovu likiwa jembamba kama utando wa ngoma, inafaa sana. Likiwa refu, au gegedu likiwa limeshalainika na kuporomoka, mara nyingi kovu linarudi, na mgonjwa anapanuliwa tena na tena.

Ya pili ni kukata kipande kilichoharibika na kuziunganisha ncha mbili nzima. Zamani mabingwa waliamini ukikata zaidi ya sentimita 2 ncha hazitafikiana tena. Katika miaka ya 1960 daktari Hermes Grillo wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, alipima na wenzake kwenye miili ya marehemu, wakakuta kwamba shingo ikiinamishwa na bomba likilegezwa vizuri, unaweza kuondoa karibu nusu yake. Mwaka 2004 hospitali hiyo ilitoa hesabu ya wagonjwa 901 waliokatwa na kuunganishwa: 95 katika kila 100 walipata matokeo mazuri, na waliofariki kutokana na upasuaji hawakufika 2 katika 100. Hizo ni namba za mahali palipofanya kazi hiyo miaka mingi, kwa hiyo msizidai kila hospitali. Lakini zinakuonyesha kwamba ugonjwa wa Sele una tiba ambayo si ndoto.

Kwa urefu peke yake, sentimita 2 za Sele zimo ndani ya uwezo huo. Urefu si kila kitu, hata hivyo. Daktari ataangalia kovu limekaribia nyuzi za sauti kiasi gani, tundu la shingoni liko umbali gani na kovu, uvimbe umetulia au bado. Ataangalia pia kichwa chake, maana baada ya upasuaji huo mara nyingi kidevu hushonewa kifuani kwa uzi mnene kwa wiki moja hivi ili asiinue shingo ghafla na kuchana mshono. Mtu aliyeumia kichwa lazima awe ametulia kiasi cha kuvumilia hilo.

Kwa hiyo swali lenu la kwanza siku ya kliniki, kabla hata ya kuzungumzia utafiti, liwe hili: "Je, Sele anafaa kukatwa na kuunganishwa?" Akisema ndiyo, muulizeni kwa nini basi waanze na kupanua. Akisema hapana, awaeleze kwa nini. Akisema bado, awaambie wanasubiri nini kitulie. Waombeni bingwa wa koo na bingwa wa upasuaji wa kifua waitazame CT hiyo pamoja, na kama hospitali hiyo haifanyi upasuaji huo, ombeni rufaa ya kwenda kwa wanaoufanya. Na mtu yeyote akipendekeza kumwekea stenti ya chuma, yaani kibomba cha kulishikilia bomba la hewa liwe wazi, ibaki humo, mwambieni awape sababu nzito. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo mwaka 2005 kwamba stenti za chuma kwa makovu yasiyo ya saratani ziepukwe mpaka njia nyingine zishindikane, kwa sababu nyama huota kuzizunguka na kuzitoa ni kazi ya hatari.

Video ya Muscat sijaiona, ila hadithi hiyo naifahamu, na ndani yake yumo kijana wa Kiafrika.

Juni 2011, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Karolinska, Sweden, daktari Paolo Macchiarini alimwekea bomba la plastiki mwanafunzi kutoka Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Kijana huyo, mwenye familia na miaka 36, alikuwa na uvimbe kwenye bomba la hewa. Plastiki ilipakwa seli zilizotolewa kwenye uboho wake mwenyewe, na dunia ikaambiwa kwamba seli hizo zitaigeuza kuwa bomba hai. Jarida kubwa la tiba, The Lancet, likachapisha habari zake mwaka uleule. Magazeti yakashangilia. Kijana alifariki Januari 2014, baada ya miaka miwili na nusu ya kuingia na kutoka hospitali. Wagonjwa wote watatu aliowawekea plastiki pale Sweden wameshafariki.

Madaktari wanne waliofanya kazi palepale walisoma mafaili ya wagonjwa, wakalinganisha na yaliyochapishwa, wakapiga kelele mwaka 2014. Mwanzoni hawakusikilizwa. Baadaye ikathibitika kwamba plastiki ile haikuwa imejaribiwa vya kutosha kwa wanyama na kwamba hakukuwa na kibali cha kamati ya maadili. Taasisi ya Karolinska ilimfukuza mwaka 2016, makala zikafutwa, na Juni 2023 mahakama ya rufani ya Sweden ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu.

Mimi hadithi hii hunigusa mahali pabaya kila nikiifikiria. Yule kijana hakuwa mjinga. Alikuwa msomi, alikuwa katika moja ya hospitali zinazoheshimika kuliko zote duniani, aliambiwa ndiyo njia yake ya kuishi. Na fikiria tulivyosema kuhusu utando na vinyweleo: plastiki haina mshipa wa damu hata mmoja, haina vinyweleo vya kufagia makohozi, haishikani na nyama. Makohozi yanalala, vijidudu vinaota, maungio yanaachia. Ndiyo sababu bomba la hewa limewashinda wengi kulipandikiza kuliko hata figo: damu yake inaletwa na vimishipa vidogo vingi, hakuna mshipa mmoja mkubwa wa kuushona.

Wapo wanaoendelea kwa njia safi. Paris, daktari Emmanuel Martinod ametumia vipande vya mshipa mkuu wa damu kutoka kwa marehemu waliojitolea. Mwaka 2018 kundi lake lilitoa matokeo ya wagonjwa 13 waliopandikizwa, na 10 kati yao walikuwa hai baada ya karibu miaka minne. New York, katika hospitali ya Mount Sinai, Januari 2021 walipandikiza bomba la marehemu pamoja na vimishipa vyake, upasuaji wa saa 18. Zote hizo ni kazi za watu wachache, kwa wagonjwa ambao bomba lao haliwezi kukatwa na kuunganishwa. Hakuna inayouzwa na wakala kwa milioni 12 za kuanzia. Mwambie mama asitishe mazungumzo na dalali. Kiwanja kikibaki, kitasaidia nauli na matunzo ya huku karibu, na bado kitakuwa cha Sele na ninyi wengine.

Sasa zile kurasa tisa. Nimezifikiria sana, maana nisingependa kisa cha Sweden kiwafanye mkimbie kila neno utafiti. Angalia tofauti. Kule mgonjwa aliwekewa kitu ambacho hakikuwa na msingi, bila kibali, na hakuna kundi la kulinganisha naye. Kwenu, kwa ulivyonieleza, wote wanapanuliwa, tiba iliyozoeleka. Sindano kwenye kovu nayo madaktari wengi wanaitumia tayari. Wanachouliza ni kama inachelewesha kovu kurudi. Kompyuta inapanga kwa sababu daktari akipanga mwenyewe atawapa sindano wale anaowaonea huruma zaidi, na mwisho hatutajua kilichosaidia ni nini.

Na majibu ya tafiti zinazolinganisha tiba yana thamani. Mwaka 2020 madaktari wa hospitali nyingi waliokuwa wakifuatilia wagonjwa 810 wenye bomba lililosinyaa bila sababu kujulikana, karibu wote wanawake, walitoa matokeo ya miaka mitatu. Waliopanuliwa tu, 28 katika 100 walihitaji kurudia. Waliokatwa kovu kwa ndani kisha wakaendelea na dawa, 12. Waliokatwa na kuunganishwa, kama 1, lakini sauti zao ndizo zilizoathirika zaidi. Ugonjwa wao si wa Sele, kwa hiyo namba hizo msizichukue kama zake. Ila angalia walichopata wale wanawake: kila mmoja sasa anaweza kuchagua anachokithamini zaidi, kutorudi hospitali au kutunza sauti. Kabla ya hapo walichaguliwa na daktari waliyemkuta zamu.

Karatasi zenyewe zisomeni kwa Kiswahili. Kama ni za Kiingereza, rudisheni na mwombe za Kiswahili, ni haki yenu. Tafuteni kibali cha Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kwa kuwa kuna dawa inayojaribiwa, ulizeni kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Lazima kuwe na namba ya simu ya kamati, mbali na ya daktari. Ipigeni. Ulizeni nani analipia kupanuliwa na vipimo, na Sele akipata madhara nani atamtibu. Ulizeni kovu likirudi mara ngapi ndipo wataacha kupanua na kumpeleka kwenye upasuaji, na kama kuingia kwenye utafiti kutachelewesha upasuaji huo. Hili la mwisho ndilo ningelishikilia kuliko yote. Kama wanasema Sele anafaa kukatwa na kuunganishwa sasa hivi, utafiti wa kupanua haumfai, hata uwe na vibali vyote. Kama hafai, au inabidi asubiri, basi hata nje ya utafiti angepanuliwa tu, na sioni atakachopoteza kwa kuingia. Anaweza kutoka siku yoyote bila kueleza sababu na bila kunyimwa matibabu, na hilo lazima liwe limeandikwa.

Umeniuliza usaini au usisaini. Mwanangu, hiyo sahihi si yako. Barua yako ina sauti ya baba mdogo, ya mama, ya binamu, ya wakala, na yako. Sauti ya Sele haimo hata mstari mmoja. Ana miaka 24, na umesema alipotoka ICU alikuwa anataniana na watoto. Alichopoteza ni sauti ya kooni, na ninyi wote mmezungumza juu yake kana kwamba kapoteza na mawazo. Sikulaumu, nimeliona hili kwa kila mgonjwa mwenye mpira. Hata madaktari humgeukia ndugu aliyesimama kando ya kitanda. Sele ana simu. Anaweza kuandika. Akikaa na zile kurasa tisa siku mbili tatu, ukamsomea panapomchosha, atakuwa na maswali ambayo mimi na wewe hatujayafikiria, kwa sababu bomba ni lake. Huenda akataka kujua kama ataimba tena, kama atapanda pikipiki tena. Yaandike yote, ya kwake yatangulie, yako yafuate.

Siku ya kliniki akae yeye kwenye kiti cha mbele, karibu na daktari. Wewe na baba mdogo kaeni nyuma yake. Daktari akikugeukia wewe, mwonyeshe Sele.